Kigingi cha Mzabibu

Mkonze, Dodoma
4 Juni 2023

Kaka Elisante,

Shikamoo.

Ko, ko, ko. Mara tatu, kisha kimya. Kwa zaidi ya mwaka nimejaribu kuisahau sauti hiyo, imekataa. Ilikuwa asubuhi ya safari yako ya Kibakwe. Nilikuwa chumbani nikipiga pasi sketi ya kuendea usaili, na kule uani mtu akagonga kitu kwa nyundo, taratibu, kama anayeogopa kukipasua. Haikuwa sauti ya chuma kwa chuma. Hiyo ningeisahau, tumelelewa ndani yake. Kisha boneti likafungwa, Silvano akacheka jambo fulani, lori likawaka, mkaondoka. Kesho yake ikaja simu kwamba lori limeshindwa kusimama kwenye mteremko, kwamba utingo wetu Silvano amekufa, na yule mama mwenye vitunguu, Paulina, amekufa, na wewe uko mikononi mwa polisi.

Nilijiapiza nisikuulize mpaka utoke. Lakini juzi lori limerudi nyumbani. Limevutwa kwa kamba ya chuma kutoka yadi ya polisi, na sasa limesimama kati ya choo na banda la mbuzi, uso umebonyea upande mmoja. Magurudumu yalipoingia getini niliisikia tena, ko, ko, ko, wazi kana kwamba mtu yuko nyuma yangu.

Baba hajambo kwa kiasi chake. Mkono wa kulia bado hauna nguvu tangu kiharusi kilipompiga wiki ile uliyohukumiwa, na mguu anauburuta, ila maneno yamerudi yote, hata ya ukali. Anataka injini iwake mapema. Amemwahidi dereva mmoja, Joshua, kwamba ataanza nalo safari za Kibakwe. Njia ile ile. Mafundi wawili wa mjini walikuja, wakalizunguka, wakauliza kama ndilo lile, wakasema watarudi. Hawakurudi. Nilipomwuliza baba sasa nani atalitengeneza, alinitazama mikono.

Nina shahada ya ualimu wa fizikia na sina shule. Huu ni mwaka wa pili nasubiri ajira. Najua kwenye karatasi jinsi joto linavyosukuma pistoni. Sijui bolti ya kwanza kufunguliwa ni ipi. Wewe unajua. Niandikie, nami nitakuwa mikono yako huku.

Najua barua zinasomwa hapo gerezani kabla hujapewa. Sina cha kuficha. Niambie tu: asubuhi ile nani aligonga, na aligonga nini?

Mdogo wako,
Eva

*

Gerezani
19 Juni 2023

Mdogo wangu Eva,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mpaka imekatika kwenye mikunjo. Mimi ni mzima. Tunalima, tunakula, tunahesabiwa, tunalala.

Kuhusu injini, sikiliza vizuri. Imelala zaidi ya mwaka, kwa hiyo pistoni zimeshikwa na kutu. Usithubutu kuiwasha kwa stata, utavunja ringi. Toa nozeli zote nne, zile zinazonyunyiza dizeli. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye kila silinda, iache siku tatu. Siku ya nne tafuta spana ndefu, ishike puli ya mbele, izungushe kwa mkono. Ikigoma, ongeza dizeli, ongeza siku. Usiishindanishe nguvu. Injini inataka mtu anayejua kungoja.

Ikishazunguka, fungua silinda hedi. Bolti za hedi unaanza za nje unakuja katikati, kidogo kidogo, kila moja robo mzunguko. Siku ya kufunga unafanya kinyume, unaanza katikati unakwenda nje. Chukua boksi la katoni, litoboe matundu, kila bolti iweke kwenye tundu lake kwa mpangilio ule ule ulioitolea. Rejeta ilipasuka siku ile na injini ikapata moto mkali, kwa hiyo gasketi imeungua na hedi huenda imepinda. Ipeleke mjini wenye mashine waisawazishe. Ukimaliza hapo niandikie nikueleze sampu, lile karai la oili chini, na beringi.

Dinamo usiiguse. Iko sawa. Iache na mipira yake kama ilivyo, usijiongezee kazi.

Kuhusu kugonga, sikumbuki. Nyumba ya fundi haikosi kugongwa. Mpe baba shikamoo yangu. Umwambie mgongo niliouumia ajalini hauumi tena.

Kaka yako,
Elisante

(Pembeni, kwa penseli:)
Nimeisoma. Binti, mimi ndiye mwenye trekta la gereza, siyo kusoma barua tu. Kaka yako anafundisha vizuri ila hapo mwisho amepitiwa. Gari lililolala mwaka, dinamo lazima ifunguliwe. Nyuma yake kuna vitu vinavyokufa kimya kimya. — Afande Cornel

*

Mkonze
8 Julai 2023

Kaka,

Shikamoo. Imezunguka.

Ilichukua siku kumi na moja, siyo tatu. Kila asubuhi nilikuwa naivuta ile spana na haitikisiki, na baba kwenye kigoda chake anasema, "Mwalimu, hiyo spana unaishika kama kijiko cha uji." Siku ya kumi na moja ikasogea upana wa ukucha. Nikasimama. Sikumwambia baba. Nilitaka iwe yangu peke yangu kwa dakika moja. Kisha nikaivuta tena, ikatoa mguno, ikazunguka nusu, na maji meusi yakaruka kwenye matundu ya nozeli yakanipaka usoni. Baba alicheka hadi akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama alipokuwa hai.

Hedi nimeifungua kama ulivyosema, nje kuja katikati. Ilikuwa imepinda, imesawazishwa. Bolti zangu ziko kwenye katoni kama wanafunzi mstarini. Mikono yangu haitakati tena kwa sabuni. Wanawake wa kisimani wanasema mzee amepoteza mtoto wa kiume akamgeuza wa kike kuwa mwanamume. Siwajibu.

Ruthu ninamjibu, kwa sababu ana haki ya kuuliza. Mke wa Silvano hapiti hapa kwa kawaida, anazungukia kanisani ili asilione lori. Jumatano alipita. Akasimama kwenye uzio na ndoo yake kichwani.

"Mnalifufua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwenzake mtamfufua lini?"

Akaondoka bila kungoja jibu. Baba akainama akajifanya anatafuta kitu chini.

Kaka, nimekuwa nikiyarudia ya mahakamani. Mkaguzi wa magari alisema mabomba ya breki mazima, oili ya breki imo, brekishu bado nene. Akasema basi dereva alishusha mlima gia ikiwa huru ili kubana dizeli, lori likamshinda. Ukaulizwa kama ni kweli. Ukasema ni kweli. Mimi nilikuwa kwenye benchi la tatu nikakutazama, ukatazama sakafu. Wewe uliyekuwa unatufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba mlimani gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Wewe ukatia gia huru, na watu wawili juu ya mzigo? Ruthu anaamini mumewe alikufa kwa sababu ya lita mbili za dizeli. Anawaambia watu hivyo, nao wanaamini, na mimi sina cha kusema kwa sababu wewe mwenyewe ulikubali.

Kama ulitia gia huru, niambie nilijue nilikalie. Kama hukutia, niambie pia.

Nilimwuliza baba kuhusu kugonga. Alisema, "Siku hizo nilikuwa nagonga kila kitu." Basi.

Afande Cornel, asante. Dinamo nitaifungua.

Eva

*

Gerezani
22 Julai 2023

Eva,

Nilikwambia usiiguse dinamo. Mimi ndiye ninayelijua lori hilo, siyo mtu wa trekta. Funga injini, tia gasketi mpya, wakabidhini mnaowakabidhi. Mengine yaache.

Maswali ya mahakamani yalikwisha mahakamani. Uliniona nikikubali. Mtu mzima akikubali kosa lake, mdogo wake hamfuati nyuma na tochi.

Nakuomba. Kama umeshaanza kuifungua, irudishe ilivyokuwa.

Elisante

*

Mkonze
25 Julai 2023

Kaka,

Barua yako bado sijaipata, na sijui kama iko njiani. Siwezi kungoja.

Nimeifungua jana. Baba alikuwa zahanati kwa mazoezi ya mkono. Nilianza kwa kuizungusha dinamo kwa vidole, haikuzunguka. Nikadhani ni beringi, kama alivyosema afande. Nikaitoa yote, nikaiweka kwenye meza ya mama, nikaitazama mgongoni.

Ulinifundisha mwenyewe nikiwa kidato cha tatu, hukumbuki? Nilikuuliza kwa nini dinamo ya lori letu ina mkia na za magari mengine hazina. Ukasema mkia ule ni pampu ya kunyonya hewa, na hewa ile inayonyonywa ndiyo inayoupa mguu wa dereva nguvu ya watu watatu kwenye breki. Ukasema pampu hiyo inakunywa oili ya injini kupitia hozi nyembamba, na ikikosa oili inajila yenyewe, na ikishakufa pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe hata ukiisimamia kwa miguu miwili. Nilikwenda nikaiandika kwenye daftari la fizikia kama mfano wa mgandamizo wa hewa. Nikapata alama zote.

Pampu imejila. Ndani mna unga wa chuma. Na hozi yake ya oili imekatwa, na kwenye kipande kilichobaki upande wa injini kimegongomewa kigingi cha mti, na juu yake kimefungwa kwa mpira wa tyubu.

Sasa ninajua sauti ile ilikuwa ya nini. Ni mti ukiingia ndani ya mpira.

Kigingi ni cha mzabibu. Gome lake lile linalochanika nyuzi nyuzi, huwezi kulifananisha na mti mwingine. Na fundo ni mizunguko mitatu, ncha imepitishwa chini mara mbili, umeachwa mkia mfupi. Kaka, nimefunga fundo hilo mara elfu, kule shamba la Hombolo, tangu sijaanza shule, kila mwaka tukiifunga mizabibu kwenye nguzo. Baba alikuwa akipita nyuma yetu akilikagua. Fundo linaloshika na lisiloumiza, unavuta mkia linafunguka. Hakuna mtu mwingine Dodoma nzima anayelifunga hivyo ila sisi watatu.

Mimi sikulifunga. Sasa naandika polepole. Kama ungekuwa wewe, ungeziba kwa hozi mpya na klipu, usingeziba kwa mti.

Hozi ilikuwa inavuja, siyo? Akaona oili inadondoka uani, akaona dinamo inachaji vizuri, akajiuliza, kama fundi wa malori ya zamani, dinamo inataka oili ya nini, akaziba. Mkaguzi alilipima lori likiwa limezimika na rejeta imepasuka. Aliona mabomba, aliona brekishu. Mgongoni mwa dinamo hakutazama.

Ulikuwa unalijua hili. Ndiyo maana uliniambia nisiiguse. Hukutia gia huru. Unatumikia miaka mitatu ya mtu mwingine, na mtu huyo anakaa mbele yangu kila siku kwenye kigoda akinicheka ninavyoshika spana, na sijui kama anajua au hajui. Nimekitia kigingi kwenye bahasha ya vyeti vyangu. Baba alirudi akaniuliza kwa nini sili.

Najua kwamba hii barua inasomwa na askari kabla yako. Nimefikiri juu ya hilo na bado naituma.

Eva

*

12 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Karatasi hii haina muhuri. Afande Cornel aliniita stoo ya trekta, akanipa barua yako mkononi, akasimama mlangoni ananipa mgongo mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Jibu. Nitaipeleka posta mwenyewe." Sijui anataka nini kwetu. Labda hataki kitu.

Umekosea jambo moja, na ndilo kubwa. Unadhani ninatumikia kifungo cha baba. Natumikia changu.

Nilikiona kigingi. Siyo baada ya ajali. Kabla. Tulifika Kibakwe mchana, na njiani nilikuwa nimeanza kuisikia pedeli inakuwa nzito. Wakati wanapakia vitunguu nikafungua boneti pamoja na Silvano. Akakiona yeye kwanza. Akasema, "Dereva, hili ni lori au shamba?" Tukacheka. Kisha hakucheka tena, akasema, "Toa hilo gome, kaka. Mlima siyo huu wa kuchezea." Kwenye boksi la spana nilikuwa na kipande cha hozi na klipu mbili. Kazi ya robo saa.

Nikampigia baba simu. Mtandao haukushika. Nikazunguka nayo juu ya kichuguu, haukushika. Na mimi, Eva, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu na sijawahi hata siku moja kufungua kazi ya baba bila kumwuliza. Unajua alivyonipiga mwaka ule nilipoifungua mizabibu aliyoifunga yeye. Hakunipiga kwa hasira, alinipiga ili nielewe. Nikaelewa. Na palikuwa na watu pale, mafundi wa Kibakwe wanaomjua, wanamwita mwalimu wao. Nikimwondolea kigingi mbele yao, kesho ingekuwa habari: mzee Batholomeo siku hizi anaziba injini kwa vijiti. Nikamwambia Silvano, "Ni kazi ya mzee. Tukifika nyumbani ataitoa mwenyewe." Silvano akasema, "Haya." Ndilo neno lake la mwisho kwangu lililokuwa na maana.

Fundo lile unavuta mkia tu. Mkono wangu ulikuwa pale.

Mlimani nilikuwa gia ya pili. Niliikanyaga ile pedeli mpaka nyonga ikalia. Pampu ilikuwa imeshakufa. Mzigo ukatusukuma, gia ikaruka. Gari lilipolala nilitambaa nje nikamwona mama Paulina amelala kifudifudi kwenye vitunguu vyake, na Silvano alikuwa upande wa chini.

Hakimu aliponiuliza kama ni kweli niliua kwa uzembe, nilisema ni kweli. Ya gia huru waliyabuni wao. Uzembe ulikuwa wangu. Sikudanganya mahakama.

Baba hajui. Nina hakika hajui. Kwake yeye aliziba oili iliyokuwa inachafua uwanja, akasahau siku hiyo hiyo. Akijua, atakufa. Mkono mmoja umeshapooza, usimpooze na uliobaki. Kichome kigingi jikoni. Nunua hozi mpya, tafuta pampu nyingine hata iliyotumika, funga kila kitu, mpe Joshua lori. Nimebakiza mwaka na miezi kidogo. Unapita.

Ninakuomba kama kaka yako, na kama hilo halitoshi, ninakuomba kama mfungwa.

Elisante

(Nyuma ya karatasi, kwa penseli:)
Barua yako ya 25 Julai haina muhuri wala haimo kwenye daftari. Nami nina baba, yuko hai. Fikirini. — C.

*

Mkonze
5 Septemba 2023

Kaka Elisante,

Shikamoo.

Injini imewaka. Nianze na hilo kwa sababu ni kazi yako pia. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Ilitoa moshi mweupe, kisha wa bluu, kisha ikasafika, ikanguruma ile sauti yake ya zamani mpaka kuku wakakimbilia barabarani. Baba alivua kofia. Pampu nimepata iliyotumika lakini nzima, nimeifungua na kuipima mwenyewe. Hozi ni mpya, klipu mbili. Nilikuwa nimeamua kukutii. Nataka ulijue hilo. Kigingi kilikuwa bado kwenye bahasha, lakini nilikuwa nimeshawasha mkaa.

Injini ilipopata joto, tone la oili likadondoka. Klipu moja haikubana vizuri. Jambo la bisibisi tu. Nikaingia ndani kuichukua. Niliporudi nilimkuta baba ameketi kwenye kigoda, amekishika kijiti chini ya kisigino cha mguu mzima, anakichonga kwa mkono wa kushoto. Maganda ya mzabibu yalikuwa yametapakaa miguuni kwake. Alikuwa ametoa kipande kwenye kichanja cha mzabibu cha pale dirishani.

"Baba, unafanya nini?"

"Hiyo oili yako inachafua uwanja. Dinamo haina kazi na oili. Ziba hapa, itakaa. Mimi siwezi kufunga kwa mkono mmoja, funga wewe. Si unalijua fundo letu?"

Akaninyooshea. Kilikuwa kimechongwa vizuri kabisa, hata kwa mkono wa kushoto.

Hapo nikajua kwamba ulisema kweli, hajui. Na nikajua kwamba hatajua kamwe, na kwamba nikichelewa kurudi siku moja kutoka dukani, Joshua atashuka mlima ule na kijiti kingine. Nikaingia chumbani nikaitoa bahasha. Nikakiweka cha kwanza kwenye sinia la bolti, nikakiweka na cha pili kando yake. Unene mmoja. Urefu mmoja. Ncha zimekatwa kwa mshazari ule ule. Cha kwanza tu kilikuwa cheusi kwa oili.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Nyuma ya dinamo. Kwenye pampu ya breki."

"Pampu ya breki iko kwenye magurudumu."

Nikamweleza. Nilieleza kama darasani, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kuyatoa mdomoni. Pampu, hewa, oili, pedeli. Alikuwa akinisikiliza huku anakitazama kile cheusi. Nilipofika mlimani akainua mkono nikanyamaza.

"Elisante alijua?"

"Alikiona Kibakwe. Alikupigia simu, haikushika. Hakutaka kuifungua kazi yako mbele ya watu."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Akaniambia niizime, nikaizima. Tulikaa mpaka kivuli cha lori kikafika kwenye banda. Nilikuwa namngoja aseme neno moja, "Twende." Niliamini atalisema. Nilikuwa nimeshaliandaa koti lake la kanisani kichwani mwangu, na nani atatupeleka.

Akasema, "Mimi ni mgonjwa, Eva."

"Ndiyo, baba."

"Amebakiza mwaka. Ni kijana, atamaliza. Mimi nikiingia kule sitoki." Kisha akasema, "Waliokufa hawarudi." Kisha akasema tena, "Mimi ni mgonjwa."

Hakulia. Nilitamani alie. Akachukua kigingi kipya, akakivunja vipande viwili kwa kukikanyaga, akaingia ndani. Cheusi alikiacha kwenye sinia. Sijui alikiacha kwa makusudi.

Siku nne nilimpikia, nikamwogesha mkono, tukaongea habari za mbuzi. Nilikuwa nikijipima, siyo yeye. Nilijiuliza kama ninataka utoke, au ninataka tu kuwa sahihi, kama nilivyokuwa nikitaka alama zote kwenye daftari. Sijapata jibu safi. Huenda hutatoka hata siku moja mapema. Ulichoniandikia kinakufunga wewe zaidi kuliko kinavyokufungua. Nimelifikiria hilo pia. Lakini kila nilipofika mwisho wa kufikiri nilimkuta Ruthu kwenye uzio na ndoo.

Basi jana Jumatatu nilianzia kwake. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hakunikaribisha, nikakaa chini. Nikamweleza yote, ya baba na yako. Hakuniangalia. Mwishoni aliuliza jambo moja tu.

"Silvano alikiona?"

"Alikiona yeye kwanza. Alisema kitolewe."

"Alisema?"

"Alisema, 'Toa hilo gome, kaka.'"

Akaendelea kuchagua maharage. Kisha mikono ikasimama. "Basi alisema," akasema. "Wanangu nitawaambia baba yao alisema." Hakunishukuru na sikutaka shukrani. Aliponisindikiza alifika mpaka kwenye uzio, akarudi.

Nilirudi nyumbani nikafunga kwenye kitenge pampu ya zamani, kipande cha hozi, kigingi cheusi na fundo lake bila kulifungua, na vile vipande viwili vya kigingi kipya nilivyoviokota uani. Na barua yako ya Agosti, aya ya juu yenye jina la afande nimeikata na penseli ya nyuma nimeifuta. Baba alikuwa kwenye kigoda. Aliutazama mzigo, akajua.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, baba."

"Haya."

Kituoni walinizungusha madirisha matatu kabla ya kupata mtu wa kunisikiliza. Nilieleza kuanzia ile sauti ya asubuhi, ko, ko, ko, na afisa akaniuliza kama niko tayari kuiapia sauti. Nikasema niko tayari. Aliandika, akanisomea, nikasahihisha mahali pawili. Jina la Afande Cornel halimo. Nilisema barua ilinifikia kwa posta, na ndivyo ilivyokuwa. Afande, hii usiifiche kama ile. Ipige muhuri, iingie kwenye daftari.

Lori halitakwenda Kibakwe. Wamelirudisha yadi leo asubuhi, safari hii likiwaka lenyewe. Mimi ndiye niliyeliwasha.

Kaka, hukuvuta mkia wa fundo lile kwa kumheshimu baba. Mimi nimeuvuta, na ninamheshimu bado, na leo hajaniambia neno. Afisa aliponigeuzia karatasi alisema niandike majina yote matatu, siyo kifupi. Nikaandika langu refu la darasani, lile la baba tunalolichangia, na la babu. Nimesaini.

Evarista Batholomeo Matonya